Mwaka Tuliobebeana Mahali

Naogopa ndege. Nimeiandika sentensi hii asubuhi, nikaifuta, nikaenda kuchemsha chai, nikarudi nikaiandika tena, na sasa naiacha ibaki kabla sijapata maneno ya kuipamba. Sisemi kwamba sipendi viwanja vya ndege, wala kwamba safari ndefu zinanichosha mgongo, visingizio ambavyo nimevitumia kwa miaka mingi na kuvinoa mpaka vikaanza kufanana na msimamo wa kifalsafa. Nasema naogopa, woga wa tumbo na viganja. Nimeukana mbele ya daktari wangu, mbele ya mchungaji, na mbele ya mwanamume mmoja mwema wa Darwin aliyetaka kunioa na ambaye hadi leo anaamini nilimkataa kwa sababu ya joto la kule. Nimeukana hata kwa maandishi. Kuna makala yangu, tena iliyosifiwa, inayoeleza kwa nini mtu mwenye akili timamu hana haja ya kwenda popote. Niliiandika wikiendi ambayo rafiki yangu alikuwa akifunga ndoa Melbourne.

Mwezi uliopita tulimzika Mama Shiru. Baada ya mazishi tulirudi nyumbani kwake Rooty Hill kula na kunywa chai, kama alivyoagiza: asiyekula, alisema, asije akadai kwamba aliomboleza. Binti yake alisimama kwenye mlango wa gereji akasema machache kwa Kiingereza, kwamba mama yake aliijua kila hospitali ya magharibi ya Sydney lakini hakuwahi kufika Perth, na kwamba kila Krismasi alisema ni mwaka ujao. Watu wakacheka kwa upole. Msichana mmoja aliyekuwa akigawa sambusa, mpwa wa mtu fulani, akaniuliza kama na mimi kuna mahali ambapo bado natamani kufika. "Norwe," nikasema, haraka, kama mtu anayetaja namba yake ya simu. Nyuma yangu nikasikia mtu akiguna. Alikuwa Mama Jeremi wa kundi letu la zamani la maombi, ameshika thamosi, nywele zake zimeshaingia mvi. "Norwe," akarudia, akanijazia kikombe bila kuniuliza kama nataka. Nilikunywa chai ile nikijua kwamba nitalazimika kuuandika mwaka ule tuliobebeana mahali, na kwamba nikiuandika bila kutaja ndege nitakuwa nimeandika upuuzi mwingine wa kusifiwa.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba, na Sydney ilikuwa imeshaacha kunishangaza bila kuanza kunizoea. Tulipanga nyumba ya matofali mekundu Kensington, karibu na chuo, nyumba iliyokuwa na kila kitu isipokuwa joto wakati wa baridi na hewa wakati wa joto. Chumba changu kilikuwa veranda ya nyuma iliyozibwa kwa mbao na vioo. Mvua ikinyesha nilihamisha vitabu kitandani na kulala sakafuni. Mwenzangu wa karibu pale alikuwa Mercy wa Nakuru, aliyesomea uhasibu na kufanya kazi ya usafi wa ofisi, na ambaye alipika chapati nzuri kuliko zote nilizowahi kula huku akilalamika kwamba hakuvuka bahari ili awe mpishi wangu. Mimi nilikuwa nikiandika tasnifu kuhusu uhamaji. Nililipwa kidogo, lakini nililipwa, kufikiri kwa nini watu huondoka.

Sasa, Kensington haiko mbali na uwanja wa ndege, na upepo ukigeuka ndege zilipita juu ya paa letu chini kiasi kwamba vijiko viliongea kabatini. Ndege ikipita, nilinyamaza. Hata kama nilikuwa katikati ya sentensi, hata kama nilikuwa natafuna, nilisimama nikaisikiliza mpaka mngurumo ulipopotea, kwa sababu nilikuwa na hakika kwamba nikiendelea kuongea itaanguka. Wenzangu walidhani natafakari. Mercy aliwaambia wageni, "Mwacheni kidogo, amepata wazo."

Chanzo kilikuwa ndege iliyonileta. Mahali fulani juu ya bahari, taa zimezimwa na watu wamelala, ile ndege iliacha kuruka. Sina namna nyingine ya kusema. Iliacha, tukashuka kama ndoo iliyokatika kamba, chai ikapanda hewani mbele ya uso wangu na kukaa pale, na mahali fulani nyuma mwanamume akaanza kumwita mama yake. Kisha ikakumbuka kazi yake, tukaendelea. Mhudumu akapita akitabasamu na kukusanya vikombe. Baadaye, mbele ya maofisa wa uhamiaji wa Sydney, nilipoulizwa nakusudia kukaa muda gani, nilifanya hesabu ambayo sikumwambia mtu: Australia, hata ikiitwa bara, imezungukwa na maji, na kutoka hapa hadi kwetu Kaloleni hakuna barabara.

Kundi letu la maombi lilikutana Jumapili alasiri kwenye gereji ya Mama Shiru. Gari lililala nje. Ndani kulikuwa na zulia, viti vya plastiki, feni iliyogeuza shingo kwa mlio, na meza ndefu ambayo haikuwahi kukosa kitu: wali wa njegere wa mwenyeji, chapati za Mercy, mahamri yangu ambayo hayakuumuka siku za baridi, na sufuria ya maharage yaliyopikwa kwa mawese, ya Dafroza, Mrundi mmoja mpole kutoka Minto ambaye sote tulimwita Mama Jeremi kwa sababu ndivyo alivyojitambulisha. Mama Shiru alikuwa muuguzi mkuu wa wodi, na aliendesha maombi kama alivyoendesha wodi, kwa ripoti za kukabidhiana zamu. Mtu hakusema tu "mniombee." Ilibidi aeleze hali ilivyokuwa wiki iliyopita, ilivyo sasa, na kilichobadilika. "Mungu hapendi habari za jumla jumla," alisema. "Hata mimi sizipendi."

Jumapili ya kwanza ya mwaka ule, joto likiwa limetulaza kwenye viti kama nguo, alitangaza utaratibu mpya.

"Mwaka huu hakuna kuomba vitu. Mwaka jana tuliomba vitu. Tukapata mikrowevu, tukapata gari la Mercy ambalo haliwaki. Mwaka huu kila mtu ataje mahali. Mahali pamoja moyo wake unapotaka kufika kabla hajafa. Halafu hatajiombea mwenyewe. Mwenzake atambebea."

"Nikitaja Blacktown?" Mercy akauliza.

"Blacktown utaipita leo ukirudi. Taja mahali."

"Basi Jamaika. Nikae bichi, ninywe kitu kwenye nazi, na mtu asiniulize nimetoka wapi originally."

"Sijui kama hiyo ni ya kiroho, lakini ni nzuri. Mimi ni Perth, kwa treni. Siku zote zile, mchana na usiku, nikiwa nimekaa. Mtu ananiletea chai, mimi nimekaa. Nchi inapita dirishani, mimi nimekaa. Kadzo?"

Nilikuwa nimeona kalenda kwa daktari wa meno, mwezi Desemba, na picha ya zile nuru za kijani zinazocheza angani kaskazini kabisa mwa dunia. Nikataja Norwe. Niliichagua kama mtu anavyoweka akiba kwenye benki ya mbali ili asijaribiwe kuitoa.

"Ona profesa," Mercy akasema. "Sisi tunataja bichi, yeye anataja friji."

Kicheko kilipokwisha akabaki Mama Jeremi. Alikuwa ameshika mikono yake mapajani, mikono ya mtu anayeogesha wazee kutwa, iliyopauka kwa sabuni.

"Mimi nataka kwenda kambini," akasema.

"Kambi gani, mama?"

"Ile ya Kigoma. Pale tulikaa."

Feni ikageuka, ikarudi. Sote tulijua kwamba alikaa kambi ya wakimbizi Tanzania miaka mingi kabla ya kuletwa huku, na sote tulidhani kwamba pale ni mahali ambapo mtu humshukuru Mungu kwa kupatoka. Mama Shiru ndiye aliyeuliza.

"Kutembea tu?"

"Kutembea tu."

"Sawa. Kadzo, wewe una Kiswahili cha huko pwani, utaibeba Kigoma. Mama Jeremi, utabeba Norwe."

"Norwe iko karibu na nini?" Mama Jeremi akaniuliza.

"Haiko karibu na kitu chochote," nikamwambia, na hilo lilikuwa jambo pekee la kweli nililosema siku ile.

Tulirudi pamoja kwa treni, kwa kuwa yeye alibadilisha Granville kwenda Minto nami niliendelea mjini. Nilitaka kuwa mbebaji mzuri, hivyo nikaanza kukusanya habari. Kwenye gereji nilikuwa nimewahi kumwona kijana mrefu akimbebea sufuria, kijana aliyejibu Kiswahili chetu kwa Kiingereza bila kututazama, nikamuuliza kwa furaha ya mtu anayejua jambo, "Na Jeremi yuko darasa la ngapi sasa?"

"Yule ni Fabrice," akasema. "Jeremi alibaki."

"Alibaki wapi?"

"Kambini."

Nikauliza kama alibaki na baba yake, na hapo ndipo akanigeukia, si kwa hasira, akaona kwamba kweli sikuwa nimeelewa. "Alikufa, dada. Alikuwa na miaka mine. Homa. Tukamzika pale, alafu jina letu likatoka, tukaletwa huku. Hajatembelewa. Hakuna mtu wa kumtembelea." Treni ikasimama kwenye kituo, watu wakapanda na mifuko yao ya dukani. Mama Jeremi akasogea dirishani ili mama mmoja mzee akae, akamwambia kwa Kiingereza chake kwamba kiti kina jua kidogo. Miaka yote ya chuo, na nilichopata ni kumuuliza kama mahali pale kuna barabara nzuri. Akasema ipo, ya vumbi.

Kuanzia hapo kila Jumapili Mama Shiru alipomaliza kula aliifuta midomo, akanitazama, na kuuliza, "Haya, Kigoma imelalaje wiki hii?" Nami niliripoti: nimempata katekista mmoja, Filbert, anayeishi kijiji cha jirani na kambi, nimeongea naye kwa kadi za kupigia simu ng'ambo, anaijua familia. Nilifanya kazi ile kwa bidii, nakiri, kwa sababu niliamini kwamba kubeba mahali ni kubeba kwa mdomo. Kisha Mama Shiru alimgeukia mwenzangu. "Na Norwe?"

Hapo ndipo viganja vyangu vilipoanza kulowa. Maana Mama Jeremi alibeba kama mtu aliyebeba maji kichwani, bila kumwaga. Kwenye nyumba ya wazee alikofanya kazi alikuwa amegundua mzee mmoja Mnorwe. Wiki ya kwanza aliripoti kwamba mzee anasema baridi ya kule mtu akilia machozi yanaganda. Wiki nyingine, kwamba mzee anafurahi kuna Mwafrika anayetaka kuona kwao. Baadaye, kwamba mzee ana dada, dada ana nyumba kaskazini kabisa, nyumba ina chumba kisicho na mtu. Alileta soksi nzito za sufu kutoka kwa mzee, akanivalisha mwenyewe pale pale gerejini kwenye joto lile, wenzangu wakapiga makofi. Halafu alifumba macho akaomba, kwa Kiswahili chake cha kambi, kwamba Mungu afungue njia ya Norwe, amfikishe dada Kadzo, amwonyeshe ile taa. Nami nilikaa na soksi zangu nikiomba kimoyomoyo kwamba asisikilizwe. Sidhani kama mbinguni walipokea maombi mengine ya aina hiyo kutoka Rooty Hill. Nyumbani niliziweka zile soksi chini ya kitanda, na kuna siku niliogopa kuinama kuchukua viatu.

Siku moja alikuja Kensington kuniletea maharage. Tuliketi kwenye veranda yangu, bakuli mapajani, akanieleza jinsi alivyoogopa ngazi zinazotembea alipofika Sydney, akicheka. Ndege ikapita. Nikanyamaza, kijiko hewani. Naye akanyamaza kwa heshima, akanitazama usoni mpaka ikaisha, kisha akaendelea kula.

Baridi ilipoingia, Filbert akapiga simu mwenyewe. Kambi inafungwa. Watu wanarudishwa Burundi, vibanda vinabomolewa nyuma yao kadiri wanavyoondoka, na ardhi itarudishwa kwa serikali. Ikishalimwa, alisema, hata yeye hataweza kuonyesha nani alilala wapi. Nililipeleka jambo hilo gerejini kama ripoti nyingine yoyote. Mama Shiru hakulichukua hivyo. Aliweka kikombe chini.

"Basi ni mwaka huu. Kabla ya Krismasi. Mama Jeremi, pasipoti yako ilishatoka?"

"Ilitoka."

"Na hutakwenda peke yako. Anayebeba mahali ndiye anayesindikiza. Kadzo, chuo chako kinafunga lini?"

Nilisema tasnifu. Nilisema msimamizi. Nilisema visa yangu, ambayo haikuwa na tatizo lolote, na nikaipa tatizo pale pale, tatizo la kitaalamu lenye vifungu. Mama Shiru alinisikiliza kama alivyowasikiliza wagonjwa wanaosema walishakunywa dawa. "Utaongea nao," akasema. Mercy akasema tayari anaona picha zangu nikiwa Kigoma na soksi za Norwe.

Nilitoka nikaenda msalani kwa ndani ya nyumba ili nipumue. Nilipokuwa nikirudi, bado niko kwenye ujia karibu na mashine ya kufulia, nikasikia sauti jikoni. Walikuwa wawili, maji yakitiririka.

"Kuingia sina shida," alikuwa akisema Mama Jeremi. "Ni kutoka. Nikifika pale getini mtu akasema, wewe si ulikuwa wa hapa? Rudi kwenye nyumba yako. Mimi naota hiyo kila wiki. Naota geti linafungwa, alafu Fabrice yuko upande wa huku."

"Una pasipoti ya Australia. Wewe sasa ni wa huku."

"Pasipoti ni karatasi, Mama Shiru. Mimi nimekuwa na karatasi nyingi."

"Basi usiende. Hakuna anayekulazimisha. Mungu anajua moyo wako."

Maji yakafungwa. "Nitaenda, kwa sababu Kadzo atakuwa pale. Yule haogopi kitu. Umemwona ndege ikipita juu ya nyumba? Ananyamaza kabisa, anaisikiliza. Kama mtu anayetamani kupanda."

Nilibaki pale nimeegemea mashine iliyokuwa ikitetemeka na nguo za wodini. Ningeweza kuingia jikoni na kusema. Lilikuwa neno moja tu. Badala yake nilisubiri mpaka wakahamia mambo ya sabuni, nikapita kwa nje. Naukumbuka woga ule kwa sababu ulikuwa mpya. Mpaka siku ile nilikuwa nimeogopa kuanguka baharini. Sasa niliogopa pia kuonwa na mwanamke ambaye aliuegemeza woga wake juu yangu kama mtu anavyoegemeza ngazi kwenye ukuta, bila kujua kwamba ukuta wenyewe ni pazia.

Nikaamua kujifunza. Mimi ni mtu wa shule. Niliamini kwamba jambo lolote likigawanywa katika hatua linawezekana. Siku moja ya katikati ya wiki nilichukua treni hadi kituo kilicho chini ya uwanja wa ndege, bila begi, bila safari, nikapanda ngazi zile zinazotembea hadi kwenye ukumbi wa wanaoondoka. Nia yangu ilikuwa nikae pale tu, nizoee, kama mtu anayejifunza kuogelea kwa kuanza kukaa kando ya bwawa. Nilinunua kahawa nikaketi chini ya ubao wa safari. Kando yangu familia ya Wasamoa ilikuwa ikimuaga bibi yao, wanaimba polepole, bibi amevikwa shada la pipi shingoni. Majina ya miji yalikuwa yakibadilika ubaoni, na kila mji ulipopanda juu zaidi nilihisi kwamba ni mimi ninayeitwa. Kisha bibi yule akaachia mikono ya wajukuu, akapita kwenye mlango ambao wasiosafiri hawaruhusiwi kupita, ukajifunga nyuma yake. Hakugeuka. Nilisimama. Kiganja changu kilikuwa kimekigandamiza kikombe cha karatasi mpaka kahawa ikanichuruzika mkononi, na sikuwa nimehisi kama ni ya moto.

Kwenye treni ya kurudi nilitapika ndani ya mfuko uliokuwa na sura ya tatu ya tasnifu yangu, ambayo, kusema haki, haikuharibika zaidi ya ilivyokuwa. Mercy akanikuta nauosha mfuko bafuni.

"Kadzo. Una ball?"

"Sina mimba, Mercy."

"Basi ni nini? Umekonda, hulali, unashtuka mtu akifunga mlango. Unaogopa nini, si uniambie?"

"Kutomaliza tasnifu."

Akaniangalia kwenye kioo. "Hiyo kila mtu anajua hutamaliza," akasema, akaniletea chai ya tangawizi. Nilikuwa nimepewa mlango ulio wazi kabisa, nami nikaupita nikisema asante.

Tiketi zikashikiliwa kwa majina yetu kwa wakala wa Parramatta aliyejuana na Mama Shiru. Alitupa mpaka Jumatatu kuthibitisha. Jumapili ile niliondoka Kensington mapema, nikatunga hotuba ndani ya treni. Ilikuwa hotuba nzuri. Ilianza na ukweli, Naogopa ndege, kisha ikaja na mpango: Mama Shiru aende badala yangu, au mwanamume wa kanisa la Minto, mimi nitampokea Fabrice akae kwetu. Niliirudia kila kituo. Kufika Rooty Hill nilikuwa nimeiweka mdomoni kama kidonge, inasubiri maji tu.

Nilipoingia hawakuwa gerejini. Walikuwa jikoni, wamesimama kuzunguka simu ya mezani, chakula kikiwa bado kimefunikwa. "Njoo upesi," Mama Shiru akasema. "Filbert yuko kambini sasa hivi. Amekwenda na baiskeli. Wewe ndiye unayemjua, ongea naye." Akabonyeza kitufe, jikoni pote pakajaa sauti ya upepo.

"Katekista, ni Kadzo."

"Dada Kadzo, shikamoo hata kama wewe ni mdogo. Niko hapa. Hapa ni kweupe. Vibanda vya upande huu havipo, wamebaki watu wachache kule mbele. Trekta imesimama pale kwenye ofisi. Mwambie mama anielekeze, maana mimi mazishi yale sikuwepo."

Mama Jeremi akasogea karibu na simu. Hakuonekana kama mtu anayeongea na upande wa pili wa dunia. Alikuwa kama mtu anayemwelekeza mgeni aliyeshuka kituoni. "Uko kwenye bomba ya maji? Fuata njia inashuka. Kuna mahali palikuwa na shule, kushoto." Filbert alitembea, tulisikia majani yakipigwa na miguu, na kuhema. "Shule nimeiona, msingi wake." "Endelea. Kuna mti. Mti mkubwa moja peke yake."

"Upo, mama. Hapa hakuna mti mwingine."

"Baba yake aliupanda," akatuambia sisi, bila kuacha kuitazama simu. "Kuni ilikuwa shida, watu walikata kila kitu. Huo hawakuukata. Walijua ni ya nani." Kisha akarudi kwa Filbert. "Chini yake kuna mawe?"

Miguu. Majani. "Mawe yapo. Yamezungushwa. Madogo."

Mercy akakaa sakafuni pale pale alipokuwa. Mama Jeremi akashusha pumzi kupitia puani, polepole, kama mtu anayepima uzito wa kitu.

"Weka simu chini, Katekista."

"Chini wapi, mama?"

"Hapo kwenye mawe. Alafu usogee kidogo."

Tulisikia simu ikigusa jiwe. Kisha hapakuwa na kitu ila upepo na ndege fulani mdogo aliyerudia mlio wake, na Mama Jeremi akainama, mikono miwili juu ya meza, akaanza kuongea Kirundi. Mimi sijui Kirundi. Najua tu kwamba hakulia, na kwamba alitumia sauti ya mama aliyerudi kazini akamkuta mtoto amelala na ana mambo ya kumwambia bila kumwamsha sana. Aliongea kwa muda mrefu. Yule mwanamke wa sauti iliyorekodiwa ya kadi ya simu akaingilia kwa Kiingereza chake kizuri kutuonya kwamba muda unakaribia kwisha, naye hakumsikia, au alimwacha amalize. Mahali fulani katikati ya maneno yale nikasikia jina langu. Nikadhani nimekosea. Kisha nikalisikia tena, wazi, Kadzo, na kitu kirefu baada yake.

Muda ulipokatika alibaki ameinama kidogo. Mama Shiru akamuuliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kumsikia nayo, amemwambia nini.

"Nimemwambia ninakuja kabla ya Krismasi." Akajinyoosha, akafuta meza kwa kiganja pale ambapo hapakuwa na kitu. "Nimemwambia naogopa, lakini siji peke yangu. Nimemwambia kuna shangazi yake anaitwa Kadzo, tunakuja naye."

Wote wakanitazama. Nilikuwa nimejiandaa kumkatalia Mama Shiru. Nilikuwa nimejiandaa, kituo baada ya kituo, kumkatalia Mama Jeremi mwenyewe. Sikuwa nimejiandaa kumkatalia Jeremi, na sikujua mtu humpigia nani simu kumwambia mtoto kama yule kwamba shangazi yake amebadili nia. Nikamuuliza Mama Shiru ndege inaondoka siku gani.